Kabla hujapuliza rangi: thamani ya magari ya zamani iko wapi

Haya, asanteni kwa kuja, viti vipo huku mbele. Leo nakaa sana na gari moja, Mercedes 300 SL ya mwaka 1954, ile Gullwing ya milango inayofunguka kwenda juu, maana ukishaielewa hii, bei za nyingi za miaka ile hazitakusumbua.

Ile milango watu wanadhani mbwembwe. Sio kabisa. Fremu yake imeundwa kwa mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa, na ubavuni yanapita juu sana, mlango wa kawaida haupati nafasi, ikabidi waufunge kwenye paa, na usukani nao unalala ili dereva apitishe miguu. Ilioneshwa New York Februari 1954, na aliyewasukuma Wajerumani waitengeneze ni Max Hoffman, muagizaji wa magari kule, aliyejua Wamarekani wenye hela watainunua. Mpaka 1957 zilitoka 1,400 tu, na kati ya hizo 29 bodi yake ni aluminiamu, hizo ndio mnadani watu wanazigombania haswa.

Sasa mnunuzi anayejua haangalii inavyong'aa, anainama na tochi anatafuta namba. Namba ya chesisi, ya injini, ya bodi, halafu anataka kadi ya kiwandani, Mercedes wametunza nyaraka zao kule Stuttgart, inaonesha gari ilitoka na injini ipi, rangi gani, viti vya kitambaa au vya ngozi. Zisipolingana bei inashuka hapo hapo. Na injini ya hii gari ina mtihani wake, petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda na pampu inayozungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo ukizima swichi pampu inaendelea kumwaga mpaka injini isimame kabisa, petroli inaosha kuta za silinda inashuka kuchanganyika na oili, na mwenye gari aliyekuwa mvivu wa kubadilisha oili alijitafutia balaa. Ndio maana mimi ukiniambia injini ni ile ile ya kiwandani nakuheshimu, maana yake kuna mtu aliitunza miaka yote hiyo.

Halafu kuna ile Ferrari 250 GT California Spider ya 1961, ilikutwa Ufaransa kwenye banda la familia ya Baillon, imerundikiwa magazeti juu. Wangeweza kuiosha na kuipiga rangi mpya. Hawakufanya hivyo, mwaka 2015 wakaipeleka mnadani Paris na vumbi lake, ikaenda kwa zaidi ya yuro milioni 16! Vumbi lile lilikuwa ushahidi kwamba hakuna fundi aliyepita na msasa. Rangi ya kiwandani na ngozi ya viti ukishazikwangua basi, mpya utapata ila zile hazirudi, na mimi inaniuma kweli nikiona gari nzima, yenye historia, inavuliwa kila kitu ili ionekane imetoka dukani jana.

Kwa hiyo kama babu ameacha gari bandani, naomba msianze na maji na sabuni. Piga picha kila kibao cha namba, pekua madroo utafute risiti za gereji na kitabu cha gari, andikia kiwanda, fundi wa rangi aje mwisho, na pengine asije kabisa. Haya, nani ana swali?