Umeme umekatika na nje ni barafu: kuvuka siku tatu ndani ya nyumba bila kuwasha mkaa

Habari zenu, ndugu zetu mlioko Portland, Lewiston na kwingineko jimboni Maine, Marekani. Umeme umekatika, nje ni nyuzi 12 chini ya sifuri, na kampuni ya umeme haijasema utarudi lini. Huku si jambo la ajabu. Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha miti na nguzo, zaidi ya nusu ya wakazi wa jimbo wakakosa umeme, wengine kwa wiki mbili na zaidi. Twende hatua kwa hatua, tukianza na kile kinachoua haraka kuliko baridi yenyewe.

Mkaa usiingie ndani. Jiko la mkaa, mbabula, grili ya uani, vyote vibaki nje. Kwetu jiko hukaa barazani, au jikoni penye matundu ya hewa. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, na hewa chafu nayo haitoki. Mkaa ukishashika na kuwa mwekundu hautoi moshi, basi watu hudhani umekuwa salama, kumbe bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Desemba 2006, dhoruba ya upepo ilipokata umeme eneo la Seattle, watu walikufa kwa gesi hii, na wengi wa waliougua walikuwa wahamiaji waliowasha mkaa au jenereta ndani.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Mkiumwa kichwa watu wawili watatu wa nyumba moja kwa wakati mmoja, msiseme ni mafua. Tokeni nje wote, hata kwa kandambili, kisha pigeni 911, namba ya dharura. Sasa tazama kengele ya ukutani inayolia ikinusa kaboni monoksaidi. Bonyeza kitufe cha kujaribu. Isipolia, huenda inategemea umeme wa nyumba tu na haina betri. Ya betri inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Inunuliwe kabla ya Desemba.

Wengi huuliza: tangi la mafuta limejaa, mbona redieta ni za baridi? Boila, mtambo unaopasha maji ya redieta, inachoma mafuta, lakini kichomeo chake na pampu inayozungusha maji ya moto vinatumia umeme. Kwa hiyo acha kuhangaika na kidhibiti joto cha ukutani, hakitakujibu.

Usijaribu kupasha nyumba nzima. Chagua chumba kimoja: kidogo, chenye dirisha upande wa kusini, kisichokuwa juu ya gereji. Leta magodoro yote humo, yapange sakafuni juu ya zulia au maboksi yaliyokunjuliwa, maana sakafu hunyonya joto la mwili. Funga milango mingine yote. Kunja taulo, lisukume chini ya mlango. Dirishani bandika nailoni kwa selotepu pande zote nne, ukiacha nafasi ya sentimita mbili kati ya nailoni na kioo. Hewa iliyonaswa hapo ndiyo inayozuia baridi. Kukiwa na jua fungua pazia. Desemba jua huzama karibu saa kumi jioni, hivyo kabla ya hapo tundika blanketi juu ya nailoni. Mkiwa na hema la kambini, lisimamisheni juu ya magodoro. Watu wanne ndani ya hema wanaona tofauti usiku huohuo.

Mavazi sasa. Nguo ya kugusa ngozi isiwe pamba, kwa sababu pamba ikishika jasho hukaa na unyevu na kukupoza. Vaa sufu au poliesta, juu yake fulana nzito, kisha koti. Kofia hata kitandani. Soksi zisibane; ukirundika jozi tatu mpaka vidole havichezi, miguu itapoa zaidi. Jaza maji ya moto, yasiyochemka, kwenye chupa imara, kaza kifuniko, igeuze juu chini uone kama inavuja, ivalishe soksi, kisha iweke katikati ya mapaja. Kabla ya kulala kula kitu chenye mafuta: chapati na siagi ya karanga inatosha. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilazwe chini ya mablanketi mazito wala katikati ya watu wazima. Mvalishe tabaka juu ya tabaka, alale peke yake pembeni yenu.

Maji yanahitaji uangalifu kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9. Mara nyingi bomba halipasuki pale penye barafu. Hupasukia kati ya barafu na koki iliyofungwa, maji yanapobanwa yakakosa pa kwenda. Ndiyo maana tunaacha koki ikidondosha: matone yanapunguza mgandamizo. Fungua kidogo ya moto na ya baridi, hasa kwenye sinki lililo ukuta wa nje, na acha milango ya kabati la chini yake wazi. Kama nyumba inatumia kisima chenye pampu ya umeme, maji yatakata, kwa hiyo weka akiba ya lita 4 kwa kila mtu kwa siku.

Nyumba ikikaribia kuganda, hatua ni hizi. Zima breka (swichi ya umeme) ya tangi la maji ya moto. Funga valvu kuu, mara nyingi iko chumba cha chini ya ardhi karibu na mita. Fungua koki ya juu kabisa na ya chini kabisa ili maji yatoke. Vuta choo mpaka tangi liishe. Kisha mimina kikombe kimoja cha kizuia-kuganda cha mabomba, kile cha waridi, katika kila sinki, bafu na bakuli la choo. Cha gari ni sumu, usikitumie. Mpangaji, muulize mwenye nyumba leo valvu iko wapi na nani ana ufunguo wa chini. Kumwaga maji ya boila ni kazi ya fundi, usiiguse.

Friji ikibaki imefungwa huhifadhi chakula saa 4. Friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kuweka nyama nje kwenye theluji kunashawishi, ila jua la mchana huiyeyusha na wanyama huifuata. Gandisha chupa za maji nje, kisha ziingize kwenye friji. Insulini usiiweke nje kabisa. Ikishaganda hata ikiyeyuka haifai.

Jiko la gesi la nyumbani, plate za juu nyingi huwashwa kwa kiberiti. Pika, jaza chupa ya chai, zima. Si kifaa cha kupasha chumba, na oveni ndiyo kabisa. Vile vijiko vya kubebeka vya kopo la butani hutumika nje tu, na kwenye baridi hii havishiki, kwa kuwa butani haigeuki mvuke chini ya nyuzi sifuri.

Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka nyumbani, ekzosi ielekee mbali na madirisha. Usiichomeke kwenye soketi ya ukuta: umeme unarudi kwenye nguzo na kumuua fundi aliyepanda. Ukichaji simu kwenye gari, gari liwe nje ya gereji na theluji iondolewe kwenye ekzosi kwanza.

Chumba kikishuka chini ya nyuzi 10 na mna mzee au mtoto mchanga, ondokeni. Piga 211 uulize kituo cha kujipashia joto kilicho karibu. Mtu akiacha kutetemeka ghafla, akaongea kwa kukokota na kusinzia, hapo ni 911.

Umeme ukirudi, usiwashe vyote kwa pamoja. Anza na boila, subiri, kisha friji. Fungua valvu kuu polepole huku mwenzako akitazama mabomba chini. Bomba lililoganda liyeyushe kwa draya ya nywele ukianzia upande wa koki, si kwa moto. Breka ya tangi la maji ya moto iwe ya mwisho, baada ya koki ya maji ya moto kutoa maji mfululizo bila hewa, la sivyo koili itaungua ndani ya tangi tupu.