Ondoa Rangi Kwanza

Asanteni. Nimepewa dakika ishirini, na mratibu ananijua vizuri, ndiyo maana amekaa mbele kabisa na saa mkononi. Nitasema jambo moja. Mlionisikia mwaka jana mtalisikia tena, kwa sababu majalada ya majarida yenu niliyoyaona asubuhi hii pale mezani nje yananiambia halijaingia.

Jambo lenyewe: jalada halionekani kwa sababu ya rangi. Linaonekana kwa sababu ya mwanga na giza. Mpita njia akiwa hatua kumi hajali kama umechagua nyekundu au zambarau. Jicho lake linashika pale panapong'aa palipopakana na palipokoza. Hapo pasipokuwepo, rangi zako zote ni sherehe ya ndani ya ofisi.

Nilikuwa msanifu mchanga wa jarida moja, silitaji, wenyewe bado tunasalimiana. Mwezi ule jalada lilikuwa la mwanamuziki wa kike, kavaa gauni la kijani, kijani kile cha jani la mgomba. Nikampachika kichwa cha habari kifuani kwa herufi nyekundu. Kwa nini nyekundu? Kwa sababu nilifundishwa kwamba nyekundu na kijani zinatazamana kwenye gurudumu la rangi, lile duara linalopanga rangi zote, basi zinapigana, basi zinaonekana. Kwenye kompyuta ziliwaka kweli, mpaka zikawa zinatetemeka. Mhariri akapiga makofi. Mtu wa matangazo akapiga makofi. Hata dada wa mapokezi aliitwa aje aone.

Likatoka. Nikapanda daladala mpaka kwa mzee mmoja anayeuza magazeti kituoni, nikajifanya mteja. Mengine kayatandaza chini juu ya turubai, yanalaliana kama vigae, kinachoonekana ni vichwa tu. Mengine kayabana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na mbele yake wamesimama wale wasomaji wetu waaminifu wasionunua. (Kicheko.) Natafuta la kwangu silioni. Kumbe liko kwenye kamba, usawa wa pua yangu! Gauni limekuwa doa moja zito, na herufi zimezama humo humo. Nikamwuliza mzee, hili jipya lina habari gani? Akalibandua, akaligeuza juani, akasema, "Hili, mwanangu, naona hawakuandika kitu."

Hawakuandika kitu! Nilikaa na maneno yale siku tatu.

Usiku wa tatu nikafungua faili, nikaondoa rangi yote, ibaki nyeusi, nyeupe na kijivu. Gauni kijivu. Maneno kijivu. Kijivu kile kile. Kuna hesabu ya jambo hili, wanaotengeneza kurasa za intaneti wanaitumia kila siku: maandishi ya kawaida yanatakiwa yapishane na mandhari yake kwa mwanga angalau 4.5 kwa 1, na makubwa angalau 3 kwa 1. Nyekundu kamili ya kompyuta juu ya kijani cha wastani inakupa kama 1.3 kwa 1. Nyeusi juu ya njano inapita 19 kwa 1. Sasa nani alinidanganya, gurudumu au mimi mwenyewe? Gurudumu halikusema uongo. Linazungumzia aina ya rangi, halizungumzii mwanga wake.

Na msiniambie haya ni mambo ya Ulaya. Bibi zenu wanayo sandukuni. Tazameni kanga: pindo, mji wa katikati, na jina, yaani yale maneno yake. Aliyesanifu kanga hakuacha jina lielee juu ya maua ya mji. Mara nyingi amelijengea kisanduku chake, mandhari tulivu, herufi kubwa zilizokoza. Kwa nini? Kwa sababu yule jirani aliyekusudiwa lazima alisome akiwa ng'ambo ya uwanja, nguo inatembea, jua kali. (Kicheko kirefu.) Mnacheka, lakini hakuna mnunuzi wa jarida mwenye masharti magumu kuliko hayo. Na kisutu, ile kanga ya harusi: nyekundu, nyeusi, nyeupe. Ondoa rangi kwenye kisutu, bado ni kisutu. Nyekundu pale ni furaha. Kazi ya kuonekana inafanywa na nyeusi na nyeupe.

Najua kuna mtu wa chuo atanitolea lile jalada la jarida la Marekani *The New Yorker* la tarehe 24 Septemba 2001, la Art Spiegelman na Françoise Mouly. Minara miwili iliyoangushwa New York mwezi ule, myeusi juu ya mandhari nyeusi. Kontrasti, huo mpishano wa mwanga na giza, iko wapi, mwalimu? Kaka, pale kufichwa ndiyo habari yenyewe. Unaona weusi mtupu, unalipindua kidogo, minara inatokea kama kivuli cha kitu kisichokuwepo tena. Na jina la jarida juu bado linasomeka, antena ya mnara imekata ile herufi W. Hilo ni jalada la msiba. Wewe unauza toleo la mapishi ya Ramadhani.

Mwingine ataniuliza, na fremu nyekundu ya jarida la *Time* je? Ipo tangu 1927, na hiyo ni nembo, ni kama sare ya shule. Wamewazoesha watu mpaka siku walipoibadilisha kuwa nyeusi, Septemba hiyo hiyo ya 2001, kila mtu alielewa bila kuambiwa. Ukiwa na toleo la pili huna sare bado.

"Lakini siku hizi watu wanaona jalada kwenye simu." Vizuri! Kwenye simu limekuwa dogo kama stempu, kioo kina ufa, mwenyewe amepunguza mwanga kuokoa chaji, na yuko juani. Ni kamba ya yule mzee, ila imebanwa zaidi.

Naonyeshwa vidole vitatu. Haraka basi. Kijani kile kinachowaka kwenye skrini hakipo kwenye wino. Sayani, ile bluu ya wachapaji, na njano haziwezi kukifikia, kwa hiyo dai sampuli iliyochapwa kwenye karatasi yenyewe, msiidhinishe kwa WhatsApp. Karatasi isiyong'aa hunywa wino na picha inakoza, ipunguzieni giza mapema. Herufi nyembamba nyeupe ndani ya giza lililochapwa kwa wino zote nne: usithubutu, sahani ya kuchapia ikihama kidogo tu zinazibika. Kuhusu wasiotofautisha nyekundu na kijani nilikuwa na picha nzuri sana, basi tena.

Fungueni kompyuta. Kila mtu aondoe rangi kwenye jalada lake, asogee hatua kumi, na mwenzake amsomee. Tuanze na wewe dada wa nyuma, mwenye zambarau juu ya bluu. Usilifunge, nimeshaliona.