Jogoo wa Bracquemond: Japani Katika Vyombo vya Ufaransa

Ndugu zangu, karibuni. Tazameni kwanza sahani hii iliyoonyeshwa ukutani. Jogoo yuko upande mmoja, mdudu upande mwingine, tawi la maua kwingineko. Hakuna kilichowekwa katikati, na hakuna pande mbili zinazolingana.

Mwaka 1866, jambo hilo lilikuwa geni kabisa kwenye meza ya Mfaransa. Chombo cha heshima kilijazwa dhahabu ukingoni na shada la maua katikati. Ndipo mfanyabiashara wa vyombo wa Paris, Eugène Rousseau, akamwagiza Félix Bracquemond achore seti nzima ya mezani. Bracquemond alikuwa fundi wa kuchonga picha kwenye mabamba ya shaba, na samaki, ndege na wadudu wake aliwatoa kwenye vitabu vya Hokusai na picha za Hiroshige, wachoraji wa Japani.

Kazi yenyewe ilifanyika hivi. Picha zilichapwa kwenye karatasi kutoka kwenye mabamba. Kiwandani Creil-Montereau, wafanyakazi walizikata moja moja na kuzibandika juu ya chombo. Tanuri likateketeza karatasi, mistari ikabaki, kisha rangi zikapakwa kwa mkono. Kwa kuwa kila picha ilikatwa peke yake, michoro ileile iliweza kupangwa upya kila mara. Mwaka 1867 seti hiyo ikaonyeshwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris, na ikapendwa sana.

Mtu anaweza kumwita Bracquemond mnakili. Mimi sikubali. Jogoo ni wa kuazima, lakini ujasiri wa kuacha sehemu kubwa ya sahani nyeupe, bila pambo, ni somo alilojifunza kwelikweli.

Hata hivyo, hiyo bado ni Japani ya karatasi. Japani ya udongo iliwaingia Wafaransa baadaye. Mchongaji Jean Carriès aliviona vyombo vya Kijapani vya udongo uliochomwa hadi ukawa mgumu kama jiwe, kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris ya 1878, na mwaka 1888 akahamia Puisaye, eneo la wafinyanzi wa siku nyingi. Huko hakuchora ndege wala samaki. Aliacha majivu na rangi zitiririke zenyewe kwenye mashavu ya chombo, zigande pale moto ulipozifikisha. Alifariki 1894, akiwa na miaka 39 tu. Kazi zake nyingi ziko kwenye jumba la makumbusho la Petit Palais, Paris, na kwangu mimi hakuna Mfaransa wa kizazi chake aliyeikaribia Japani kuliko yeye.