Povu Si Kipimo: Kufua Nguo Zikatakata kwa Sabuni Kidogo

Akina mama, akina baba, na nyinyi vijana wa udobi mliokaa huku mbele, karibuni. Nitaanza na maji. Wengi wetu tukitaka kupunguza gharama ya kufua tunakimbilia kubadili aina ya sabuni, kumbe hela inapotelea ndani ya ndoo kabla nguo haijaguswa.

Nyumba nyingi za pwani, Tanga, Mombasa, Unguja na kwingineko, hutegemea maji ya kisima. Maji yanayopita kwenye mwamba wa matumbawe hubeba kalsiamu na magnesiamu. Madini hayo yakikutana na sabuni ya kipande yanaishika na kufanya utando mweupe usioyeyuka, ule unaoganda kwenye kingo za beseni. Utando ule ni sabuni mliyoilipia ambayo haikuosha chochote. Mbaya zaidi, unajibandika kwenye nguo: shati jeupe linageuka kijivu, taulo linakuwa gumu na halinyonyi maji. Sabuni ya unga huvumilia maji hayo vizuri zaidi, lakini nayo hupungua nguvu, na hapo ndipo mtu anaongeza kijiko juu ya kijiko.

Pimeni maji yenu leo jioni. Chukua chupa safi inayoonyesha ndani, tia maji nusu, kwangulia humo sabuni ya kipande kiasi cha punje chache za mchele, funga, tikisa. Povu likisimama juu na maji ya chini yakabaki maangavu, maji yako ni laini. Povu likiwa dogo na maji yakawa kama maziwa yenye chembechembe, maji ni magumu. Msitumie sabuni ya unga kwa jaribio hili, itawadanganya.

Dawa ya maji magumu ni ya bei nafuu: magadi yaliyosafishwa, ule unga mweupe wanaonunua watengeneza sabuni. Kijiko kimoja cha chai, gramu 5 au 6, kwenye ndoo ya lita 20. Yayeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji ya moto, mimina kwenye ndoo, koroga, acha nusu saa. Kalsiamu inageuka chokaa na kutua chini. Mimina taratibu maji ya juu, acha masimbi. Maji yakiwa magumu sana ongeza nusu kijiko, kisha rudia jaribio la chupa. Ila tahadhari mbili. Magadi si kostiki soda. Kostiki inaunguza ngozi na macho, haina kazi kwenye beseni la nguo. Na magadi yenyewe yanaharibu sufi na hariri, na yanakausha mikono, kwa hiyo vaa glavu. Mwenye tangi la kuvuna mvua hahitaji haya yote, maana maji ya mvua ni laini.

Sasa kipimo cha sabuni. Povu halioshi. Kinachoosha ni sabuni iliyoyeyuka ndani ya maji na kuyanyanyua mafuta na vumbi kutoka kwenye uzi. Sabuni ikizidi haifanyi kazi ya ziada. Inabaki kwenye nguo, inawasha ngozi, inanasa vumbi upya, na inakulazimisha kusuuza mara nne. Kwa beseni la lita 10 lenye kilo moja na nusu ya nguo kavu, tuseme suruali moja ya jinzi, mashati matatu na fulana moja, kijiko kimoja cha chakula kilichojaa sabuni ya unga kinatosha kwa nguo za ofisini. Nguo za gereji au za shamba, viwili. Wekeni kijiko hicho ndani ya kopo la sabuni kikae humo humo, kwa sababu mkono unaomimina kutoka kwenye pakiti hauna kipimo.

Na mnunuapo, gawanyeni bei kwa gramu. Tuseme kipakti cha gramu 35 ni shilingi 300, na mfuko wa kilo moja ni shilingi 5,000. Kipakti kinakugharimu zaidi ya shilingi 8 kwa gramu, mfuko shilingi 5. Asiye na 5,000 kwa mkupuo anaweza kuchanga na jirani wawili wakagawana mfuko kwa mizani ya dukani. Sabuni ya mche nayo, ikiwa bado mbichi, ina maji mengi na huisha haraka. Ikateni vipande, vipangeni kivulini penye upepo kwa wiki tatu au nne vikauke. Kipande kikavu hakiyeyuki hovyo mkononi.

Tuje kwenye kufua kwenyewe. Kung'uta vumbi, kagua mifuko, geuza nguo za rangi ndani nje. Zipitishe kwanza kwenye maji matupu na kuzikamua: vumbi na chumvi ya jasho vinatoka bila sabuni, na maji hayo yanafaa chooni. Halafu yeyusha sabuni kwenye maji kidogo ya uvuguvugu kabla ya kutia nguo, kwa sababu chembe zisizoyeyuka zinaacha madoa na zinamwagwa na maji machafu zikiwa nzima. Loweka dakika 20 hadi 30. Kulaza nguo kwenye sabuni usiku kucha, kwa joto letu hili, kunazalisha bakteria na kuleta ule uvundo wa tambara, na rangi ya kitenge inahamia kwenye kanzu. Baada ya kuloweka, nguvu zenu zipelekeni kwenye kola, kwapa na pindo, kwa kipande cha sabuni. Sehemu nyingine zinahitaji kufikichwa tu. Beseni hilo hilo lianze na nguo nyeupe, zifuate za rangi isiyochuja, mwisho nyeusi na matambara ya kudekia.

Kwenye kusuuza ndipo maji yanapopotea kuliko mahali popote, na hapa naomba tufanye hesabu pamoja. Nguo zako ukizinyanyua bila kukamua, tuseme zimebeba lita 2 za maji ya sabuni. Ukizitia kwenye lita 10 za maji safi kisha ukazinyanyua tena hivyo hivyo, zinatoka bado na kiasi sawa na mililita 333 za yale maji ya sabuni. Suuza ya pili inakufikisha kwenye mililita 56. Sasa kamua vizuri kabla na baada, nguo zibaki na nusu lita tu. Suuza moja, ndoo ile ile ya lita 10, inakufikisha kwenye mililita 24. Mara moja kwa kukamua inashinda mara mbili bila kukamua, na umeokoa lita 10. Anayenunua maji kwa dumu aipige hesabu hiyo kwa mwezi. Kama maji ni magumu, suuza ya kwanza itumie maji yaliyotiwa magadi. Ya mwisho, tia vijiko viwili vya siki kuondoa mabaki.

Lakini siki na jiki visikutane kamwe. Jiki ikichanganywa na siki au limau inatoa gesi ya klorini, na ikimwagwa juu ya nepi zenye mkojo inatoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Nepi zisuuzwe kabisa kwanza. Jiki yenyewe itumike kwenye nguo iliyokwisha kufuliwa, kwa kipimo cha kwenye chupa, maana ukiitia kwenye nguo chafu inamalizwa na uchafu. Usiiweke kwenye doa la kutu, italikoleza. Kutu hutolewa kwa limau, chumvi na jua.

Wenye mashine ya mlango wa mbele, nunueni sabuni yenye povu dogo. Sabuni ya kufulia kwa mkono inajaza povu, nguo zinakosa kugongana, na mashine inasuuza tena na tena kwa umeme wenu.

Madoa yana haraka yake. Damu ni maji ya baridi; ya moto yanaipikia humo humo kwenye uzi. Sabuni zenye vimeng'enya, yaani viini vinavyovunjavunja uchafu kama damu, hulifaa doa hilo, kwenye maji ya uvuguvugu, baada ya ile baridi ya kwanza. Doa la manjano ya pilau au mchuzi litawashtua: mkilipaka sabuni linageuka jekundu. Si kwamba mmeliharibu, bizari ya manjano hubadilika rangi ikikutana na sabuni au magadi. Fua kama kawaida, suuza, kisha anika sehemu yenye doa ielekee jua kali la mchana. Mwanga unaivunja rangi ya bizari. Likibaki kivuli, lowanisha tena na uianike siku ya pili.