Sema Unataka Wakili

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu wa Kongo, wa Burundi, wa Tanzania na wa Kenya, nawasalimu nyote. Naona hapa nyuso nyingi zilizokuwepo mwaka jana, na najua wapo wanaosema moyoni, "Huyu wakili atarudia yale yale." Nitarudia. Nitaendelea kurudia mpaka simu za usiku zikome: simu ya mama anayeniambia mwanawe yuko mahabusu, na nikimuuliza kijana ameongea na polisi au hapana, ananijibu, "Ndiyo, amewaeleza kila kitu, ni mtoto mwenye adabu."

Katiba ya Marekani sitaieleza. Waliofanya mtihani wa uraia wanaijua, wameikariri. Nina jambo moja tu. Majaji wa nchi hii wameamua, hukumu baada ya hukumu, kwamba haki zako nyingi unapokuwa mbele ya polisi hazifanyi kazi mpaka uzitamke. Ukikaa kwa heshima ukisubiri mkubwa azikumbuke kwa niaba yako, sheria inahesabu kwamba umeziacha.

Tuanze na Clarence Earl Gideon. Waliomsikia kwangu zamani wanivumilie.

Gideon alikuwa Mzungu maskini wa Florida, mtu wa miaka 50, shule aliiacha mapema, na jela alikuwa amekwishaingia zaidi ya mara moja. Juni 1961, katika mji wa Panama City, mtu alivunja ukumbi wa kuchezea pool usiku, akachukua sarafu kwenye mashine za sigara na muziki pamoja na vinywaji. Shahidi mmoja akasema alimwona Gideon humo ndani alfajiri. Akakamatwa.

Agosti 4 mwaka huo akasimamishwa mbele ya Jaji Robert McCrary. Jaji akauliza kama yuko tayari. Akasema hayuko tayari, kwa sababu hana wakili, na akaiomba mahakama impe. Jaji akamjibu kwa upole kwamba anasikitika, lakini kwa sheria ya Florida wakili wa kupewa ni wa mtu anayekabiliwa na adhabu ya kifo tu. Hapo wengi wetu tungesema "asante mheshimiwa" tukaketi. Gideon hakuketi. Alimwambia jaji kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani inasema ana haki ya kuwakilishwa na wakili.

Sasa sikilizeni: kisheria, siku ile, alikuwa amekosea! Mahakama ya Juu ilikuwa imekwishaamua mwaka 1942, katika kesi ya Betts dhidi ya Brady, kwamba majimbo hayalazimiki kumpa wakili kila mshtakiwa maskini. Lakini alikuwa ameomba, tena waziwazi, na maneno yake yakaingia kwenye kumbukumbu za mahakama. Hilo ndilo nataka mlishike. Kilichoandikwa kwenye kumbukumbu jaji wa rufaa anakiona. Kilichobaki moyoni mwako hakioni.

Akajitetea mwenyewe, akaita mashahidi, akawahoji, akawahutubia wale raia sita wa juri, ndio wanaoamua kama mtu ana hatia. Akashindwa. Miaka mitano jela.

Januari 1962, akiwa gerezani, akaandika maombi kwa Mahakama ya Juu. Kwa penseli, kwenye karatasi za mistari za gereza, herufi kubwa za mtu anayeandika kwa taabu, tahajia mbovu hapa na pale. Majaji wale tisa wakayapokea, wakampa wakili mkubwa wa Washington, Abe Fortas, ambaye baadaye mwenyewe alikuja kuwa jaji wa mahakama hiyo hiyo. Majimbo 22 yakaandika kumuunga mkono Gideon. Hebu fikirini, majimbo yenyewe yakiiambia mahakama itulazimishe tuwape maskini mawakili! Machi 18, 1963 wakatoa hukumu, wote tisa kauli moja. Aliyeiandika ni Jaji Hugo Black, yule yule aliyekuwa upande wa wachache mwaka 1942, akakaa na hoja yake miaka 21 mpaka ikashinda. Alisema kwamba serikali inatumia fedha nyingi kuajiri waendesha mashtaka, na mwenye fedha akishtakiwa hukimbilia wakili bora anayeweza kumlipa, kwa hiyo wakili katika kesi ya jinai ni hitaji, si anasa.

Wengi wanaishia hapo wakapiga makofi. Mimi naanzia hapo, kwa sababu Mahakama ya Juu haikumwachia huru. Ilisema tu kesi yake isikilizwe upya, safari hii akiwa na wakili. Agosti 1963 akarudishwa Panama City: mahakama ile ile, jaji yule yule McCrary, shahidi mkuu yule yule. Tofauti ilikuwa moja, naye ni wakili wa mji ule, Fred Turner.

Kulikuwa na dereva wa teksi aliyembeba Gideon alfajiri ile. Dereva akasema Gideon alimwambia asimweleze mtu yeyote kwamba amembeba. Maneno hayo yanamchoma mshtakiwa, sivyo? Katika kesi ya kwanza yalimchoma. Turner akasimama akamuuliza dereva: je, amewahi kukuambia hivyo siku nyingine? Dereva akasema ndiyo, kila anapombeba, kwa sababu alikuwa na ugomvi na mkewe. Basi! Swali moja, na ule ushahidi mzito ukaisha nguvu. Kisha Turner akamgeukia yule shahidi mkuu, akambana aeleze yeye mwenyewe alikuwa akifanya nini nje ya ukumbi ule saa zile, mpaka juri ikaanza kumtilia shaka yeye. Wale raia sita walikaa faraghani kama saa moja tu. Hana hatia. Gideon alikuwa amekaa ndani miaka miwili kwa kukosa mtu wa kuuliza maswali kama yale.

Najua swali linalokuja, kwa sababu mzee mmoja huniuliza kila mara: "Mwanasheria, asiye na hatia anyamaze kwa nini? Wakili wa nini?" Mzee wangu, Gideon alionekana hana hatia, na bila wakili alifungwa! Mwaka 2001, katika kesi ya Ohio dhidi ya Reiner, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba haki ya kutojitia hatiani inamlinda pia mtu asiye na kosa, anayeweza kunaswa na maneno yake mwenyewe. Asiye na hatia ndiye anayeongea kwa kujiamini. Anakosea saa, anakosea jina la barabara, anasema alikuwa nyumbani kumbe alikuwa amepita dukani, na kesho yake hilo linaitwa uongo.

Na wale wanaosema wakili wa bure ni mtu wa serikali, atawasaliti. Hilo linaniumiza kuliko yote, maana nimeona watu wetu wakimkataa wakili wa umma na kwenda kukiri kosa peke yao. Mshahara wake unatoka serikalini, ni kweli. Wajibu wake ni kwako. Siri unayomwambia haruhusiwi kuitoa kwa mwendesha mashtaka. Tatizo lake la kweli ni jingine: ana mafaili mengi mno na muda mchache. Kwa hiyo mpigie simu, mwandikie, mpe majina ya mashahidi mapema. Usimkimbie.

Haya. Kunyamaza. Mnaijua ile hotuba ya polisi, una haki ya kukaa kimya. Ilitokana na kesi ya Miranda dhidi ya Arizona, mwaka 1966, majaji watano kwa wanne. Ninyi mnadhani ukishasomewa, basi kukaa kimya kunatosha. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Thompkins, kutoka Michigan. Huyu mtu, aliyetuhumiwa kumpiga kijana risasi, alihojiwa kwa muda wa karibu saa tatu kwenye chumba kidogo. Muda wote karibu hakusema kitu, zaidi ya kulalamika kiti ni kigumu na kukataa pipi ya minti. Mwishoni mpelelezi akamuuliza: unamwamini Mungu? Machozi yakamlengalenga, akasema ndiyo. Unamwomba Mungu? Ndiyo. Unamwomba akusamehe kwa kumpiga risasi yule kijana? Ndiyo.

Neno hilo moja lilitumika dhidi yake mahakamani, na majaji watano kati ya tisa wakasema ni sawa, kwa kuwa hakutamka kwamba anatumia haki yake ya kunyamaza. Jaji Sonia Sotomayor alipinga vikali: ili mtu anyamaze sasa inambidi kwanza aseme. Nakubaliana naye kabisa. Lakini yeye alikuwa upande wa walioshindwa, na sheria ni ile ya walioshinda. Na katika ukumbi huu, ni nani kati yetu, akiulizwa habari za Mungu na mtu mzima anayeongea kwa sauti ya upole, atakaa kimya?

Mwaka 1994 majaji wale tayari walikuwa wamekataa maneno ya baharia aliyesema "labda niongee na wakili." Labda! Wakasema hilo si ombi. Kwa hiyo futa labda, futa "nilikuwa nafikiri," futa "kama haitakusumbua." Sema: "Nanyamaza. Nataka wakili." Ukishataka wakili waziwazi, tangu kesi ya Edwards ya mwaka 1981, polisi wanapaswa kuacha kukuhoji mpaka wakili afike, isipokuwa wewe mwenyewe uanzishe tena mazungumzo. Na ndipo vijana wetu wanapoharibu: wameomba wakili vizuri, kisha baada ya nusu saa ya upweke wanamwita askari wapige soga.

Upekuzi nao ni hivyo hivyo. Kijana mmoja wetu, simtaji, alisimamishwa kwa sababu ya taa ya nyuma. Askari akauliza, naweza kuangalia ndani? Kijana akashuka akafungua buti mwenyewe, kwa adabu. Ndani mlikuwa na begi la rafiki yake. Kesi ilimmalizia akiba yote. Askari hakulazimika kumwambia kwamba anaweza kukataa. Hiyo ni hukumu ya mwaka 1973, Schneckloth dhidi ya Bustamonte, ambayo nayo ilianza na gari lenye taa iliyoungua huko California. Jaji Thurgood Marshall alipinga, akasema haelewi vipi uamuzi wa mtu asiyejua kwamba ana njia nyingine uitwe chaguo. Ndugu zangu wa Kenya, huyu ndiye Marshall aliyekwenda Lancaster House, London, mwaka 1960 kuwashauri viongozi wenu, akaandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya Kenya. Alijua maana ya mnyonge kusimama mbele ya mwenye bunduki. Basi sema: "Sikubali upekuzi." Kwa mdomo tu. Usisukume, usikimbie, usitie mkono mfukoni. Leseni ya udereva itoe unapoombwa. Wakipekua bila ridhaa yako, waache wapekue. Wakili atapambana nalo mbele ya jaji.

Mtaniambia, sisi wengine si raia. Yick Wo alikuwa Mchina mwenye dobi San Francisco. Mji ulikataa vibali vya Wachina wapatao 200 wa kufulia kwenye majengo ya mbao, huku wasio Wachina wakipewa karibu wote. Mwaka 1886 Mahakama ya Juu ikasema ulinzi wa Katiba ni wa kila mtu aliye ndani ya mipaka, si raia peke yake. Mwaka 1886! Na bado mnaniuliza.

Lakini asiye raia ana hatari yake. Hapa hapa Kentucky, Kaunti ya Hardin, dereva wa lori aitwaye Padilla, mwenye ukaazi halali kwa zaidi ya miaka 40, mwanajeshi wa zamani wa Vietnam, alikamatwa na bangi kwenye lori. Wakili wake akamwambia asihofu uhamiaji kwa sababu amekaa nchini muda mrefu. Akakiri kosa, na kukiri kule kukawa tiketi ya kufukuzwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikasema wakili ana wajibu wa kumweleza mteja kama kukiri kosa kutamletea kufukuzwa. Madereva wa malori mliomo humu, mnasikia? Katika nchi hii takriban asilimia 94 ya hukumu za hatia kwenye majimbo zinatokana na watu kukiri, si kesi kusikilizwa. Mahakama yenyewe ilitaja hesabu hiyo mwaka 2012. Kabla hujakiri hata kosa dogo, uliza: grinkadi yangu itakuwaje? Na mjue kwamba kwenye mahakama ya uhamiaji serikali haikulipii wakili. Hukumu ya Gideon haikufika huko. Jambo hilo linanikera na nitalisemea mpaka nizeeke.

Mlangoni: polisi hawaingii nyumbani kukukamata bila hati, isipokuwa kwa dharura au kwa ridhaa yako. Hiyo ni kesi ya Payton, mwaka 1980. Ongea mlango ukiwa umefungwa, waombe waipitishe hati chini, tazama kama jaji ndiye aliyesaini. Hati za maofisa wa uhamiaji zina maelezo yake marefu, tutazipangia siku.

Mkalimani: mwombe, na utaje lugha yako sawasawa. Anayesikia Kirundi vizuri kuliko Kiswahili aseme Kirundi. Wa Bukavu asikubali kuwekewa mtu asiyemwelewa halafu aitikie kwa kichwa.

Nilitaka kugusia uhuru wa kusema na wa kuabudu pia, lakini naona mwenye ukumbi ananionyesha saa. Wenye barua za mahakama mikononi, msiondoke. Njooni upande huu wa mbele, na mwenye tarehe ya wiki hii aanze.