Zilipendwa za Roki Zinavyohama Umri

Assalaamu alaykum, jamaa zangu wa Unguja na Pemba. Leo nazungumza nanyi nikiwa ndani ya gari, huku Ohio, kwa sababu jambo lenyewe nimelisikia humu humu, katika stesheni ya mji huu inayopiga zilipendwa za roki, ambayo nimekuwa nikiisikiliza tangu nilipofika Marekani nikitokea Wete.

Wakati ule zilipendwa zilikuwa muziki wa miaka ya 1960 na 1970: Led Zeppelin, Pink Floyd, na Queen, kundi la Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. (Kila alipoimba niliwaambia wenzangu kazini kwamba huyo ni mtoto wa kwetu, na hakuna aliyenisadiki mpaka alipotazama kwenye simu.) Sasa wanaotamba humo ni makundi ya Nirvana na Pearl Jam, ambao katika miaka ya 1990 walipigwa na stesheni za vijana. Sioni dhuluma hapo. Nirvana walipovuma mwaka 1991, wimbo wa mwaka 1970 ulikuwa na miaka 21 tu na tayari ukiitwa wa zamani. Wao leo wamepita 30.

Sababu ni biashara. Stesheni huishi kwa matangazo, na mwenye bidhaa humtaka zaidi msikilizaji wa miaka 25 hadi 54, hivyo aliyekuwa kijana mwaka 1970 ameshatoka katika hesabu, na muziki wake umetoka naye. Hata wanaobaki hupunguzwa: wasikilizaji huchezeshewa vipande vya sekunde chache, waseme wanavipenda au vimewachosha, na kundi lenye albamu kumi na tano hubakishiwa nyimbo tatu au nne zinazozunguka mchana na usiku.

Linaloniudhi hasa ni sauti ya mtangazaji. Hadi mwaka 1996 kampuni moja haikuruhusiwa kumiliki zaidi ya stesheni 40 nchi nzima. Sheria ya mwaka huo iliondoa kikomo hicho, na baada ya miaka michache kampuni ya Clear Channel ilikuwa na stesheni zaidi ya 1,000. Mtangazaji mmoja aliweza kurikodi maneno yake mara moja, yakasikika katika miji mingi. Usiku mmoja wa Februari nilikwama katika maegesho, theluji imefika nusu ya tairi, nikipuliza vidole vyangu, huku stesheni yangu hii ikiniambia kwa bashasha kwamba jioni ni nzuri, nifungue vioo niongeze sauti.

Nilicheka, kisha nikaikumbuka redio ya nyumbani, pale zilipofika taarifa za vifo baba akainua mkono na sote tukanyamaza, hata aliyekuwa akikuna nazi, na msomaji akataja mtaa wa marehemu, watoto aliowaacha na saa ya maziko. Yule hakuweza kuwa katika mji mwingine.

Hivi sasa ni saa mbili za usiku na mvua inapiga kioo, mnaisikia. Naiwasha redio, na wimbo ukianza nitaizima kwa sababu ya hakimiliki, lakini msikilizeni kwanza mtangazaji, mniambie kama ameitaja mvua.