Mkono wa Othello

BARAKA: Dada Salma, shikamoo.

SALMA: Marahaba, mdogo wangu. Karibuni wasikilizaji. Leo Baraka ana jambo linamkera tangu wiki iliyopita.

BARAKA: Tangu shule, dada. Nilikuwa kidato cha tatu, kaka na dada zetu wa kidato cha sita wakaigiza vipande vya tamthilia ya Othello ukumbini. Ilipofika pale jemadari anapompiga mkewe mbele ya wageni, tulishangilia. Mtu nyuma yangu akapaza sauti, "Mwongeze!" Na mimi nikapiga makofi. Juzi nimeisoma tena ile sehemu, nikaona aibu.

SALMA: Tuwakumbushe ambao hawajaisoma. Shakespeare, yule mwandishi Mwingereza, aliiandika mwanzoni mwa miaka ya 1600. Mwaka 1604 ilichezwa ikulu ya mfalme, London. Othello ni mtu mweusi, jemadari anayetegemewa na Venisi, mji wa Italia. Amemwoa Desdemona, binti wa mkubwa mmoja wa mji, bila baba mtu kujua. Iago, mbeba bendera wake, anamtia sumu kwamba mke anatembea na luteni Cassio.

BARAKA: Na hapo ndipo ninapomwonea huruma mpaka leo. Huyu mtu aliwahi kuuzwa utumwani, akakombolewa, akapanda hadi kuongoza majeshi ya watu ambao nyuma ya mgongo wake wanamtukana kwa rangi yake. Baba mkwe anamwambia mbele ya baraza: mwangalie vizuri, amemdanganya baba yake, na wewe anaweza kukudanganya. Maneno hayo Iago anakuja kuyarudia baadaye, na yanaingia. Othello anaanza kujihesabia kasoro: mimi ni mweusi, sina maneno laini ya watu wa mjini, umri umeanza kwenda. Kidonda kilikuwepo, Iago alikitonesha tu.

SALMA: Nakubali yote hayo, na ninamhurumia. Ila twende kwenye tukio lenyewe, polepole, maana watu huwa wanaliruka. Ndugu yake Desdemona amefika kisiwa cha Kipro, ambako Othello yuko na jeshi, na barua kutoka Venisi: Othello arudi nyumbani, Cassio ashike nafasi yake. Othello anajifanya anasoma, kumbe sikio liko kwa mkewe. Desdemona anamweleza mgeni kwamba mumewe na Cassio wamekosana, angependa wapatane. Halafu anasikia habari ya kurudi, anasema amefurahi. Anamgeukia mumewe, anaanza, "Othello mpenzi..." Hajamaliza. Anapigwa.

BARAKA: Akiwa anamwita mpenzi.

SALMA: Akiwa anamwita mpenzi. Na mgeni anasema Venisi hawataamini hata akiapa kwamba ameona kwa macho yake. Sasa nikuulize. Kabla ya mkono kunyanyuka, Othello alikuwa amemuuliza mkewe swali gani?

BARAKA: Alimuuliza leso iko wapi. Ile yenye picha za stroberi, ambayo Othello aliachiwa na mama yake, naye akampa Desdemona.

SALMA: Leso, ndiyo. Lakini "Je, una uhusiano na Cassio?" hakuliuliza. Hata baadaye, anapomwita malaya na mwanamke anamsihi, na nani, bwana wangu, nimekukosea na nani, hamtajii jina. Jina la Cassio analitamka kama mashtaka pale kitandani, usiku wa mwisho, wakati ameshaamua kumuua. Yaani shtaka linasomwa baada ya hukumu.

BARAKA: Lakini dada, amedanganywa na bingwa. Cassio kadanganywa na mtu huyohuyo, na Roderigo, yule aliyekuwa anamtaka Desdemona, vilevile. Hata Emilia, mke wa Iago, aliokota ile leso akampa mumewe bila kujua kwamba ataifanya ushahidi dhidi ya Desdemona.

SALMA: Emilia! Asante kwa kumtaja. Othello alimwita Emilia akamhoji. Mwanamke anayeshinda na Desdemona kutwa nzima. Emilia akamwambia yuko tayari kuweka roho yake rehani kwamba bibi yake ni mwaminifu. Othello alimwamini?

BARAKA: Hapana. Alimwona kuwadi tu.

SALMA: Basi ukweli uliletwa mpaka mlangoni kwake. Neno la mwanajeshi mwenzake aliliona lina uzito, la mwanamke aliyekuwepo hakulipa uzito wowote. Hilo Iago hakumfanyia, alilichagua mwenyewe. Rangi na upweke na uongo vinanieleza kwa nini alikuwa anaungua. Havinielezi kwa nini moto aupeleke usoni kwa mkewe.

BARAKA: Huku kwetu tuna ile kauli, asiye na wivu hapendi. Nadhani ndiyo tuliyokuwa tunaishangilia pale ukumbini. Tuliona kipigo, tukasikia mapenzi.

SALMA: Emilia ana jibu lake kwa hiyo pia. Anasema wenye wivu hawana wivu kwa sababu fulani, wana wivu kwa kuwa wana wivu. Mimi siendi naye moja kwa moja, kwa Othello sababu zipo na tumezitaja. Lakini yeye amekaa na mume wa namna hiyo nyumbani, anajua anachosema.

BARAKA: Kuna kitu kingine nilikuwa nakwepa. Nilimtetea kwa kuwa ni mweusi mwenzangu. Niliona nikikubali amekosa, nimewapa ushindi wale wanaomtukana.

SALMA: Ninakuelewa kabisa, na wengi wanaotusikiliza wamepita hapo. Lakini wale wanaomtukana wanasema ni mnyama, hana akili ya kuchagua. Sisi tukisema hakuwa na namna, alisukumwa tu, tumesema neno lao kwa sauti ya upole. Mimi namheshimu Othello kiasi cha kumdai hesabu ya mkono wake.

BARAKA: Hilo litanikaa. Ila nimalizie habari ya ukumbini. Desdemona aliigizwa na dada mmoja mwembamba, wa mchepuo wa lugha. Alipopigwa kofi alishika shavu, akatutazama sisi, midomo ikawa inacheza. Kelele zilikuwa nyingi, sikusikia kitu. Miaka yote nilidhani amesahau maneno yake.

SALMA: Na kitabuni pameandikwa nini?

BARAKA: "Sikustahili haya."